UZI: Mgonjwa wodini anamjuaje mwanafunzi wa udaktari katikati ya makoti meupe yote yale?

#1 Mwembe_Kivulini
Assalamu alaykum wanajukwaa.

Mada hii ni kwa wenye wagonjwa wodini, iwe Mnazi Mmoja, Lumumba, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani. Asubuhi kitanda kinazungukwa na watu wanane, kumi, wakati mwengine kumi na mbili. Wengi wana koti jeupe, wengi wana stetoskopu shingoni, na wote wanaitwa "daktari". Mgonjwa anatoa swali lake kubwa, huu mguu utakatwa au hautakatwa, na swali linamwangukia kijana wa mwaka wa tatu ambaye hana ruhusa ya kulijibu. Au mgonjwa ananyamaza kimya mbele ya bingwa mwenyewe, kwa sababu bingwa kaja na shati tu.

Dai langu: koti halisemi kitu. Ishara ya kuaminika ni muda. Daktari mwenye wodi ya vitanda thelathini hapati zaidi ya dakika chache kwa kila mgonjwa. Mwanafunzi anavuta kiti, anakaa dakika arubaini mpaka saa nzima. Aliyekaa ndiye mwanafunzi. Mnasemaje?

#2 Karafuu_Kavu
Wa alaykum salaam. Muda sawa, lakini sikiliza mpangilio wa maswali, huo ndio hautoi nafasi ya kukosea. Mwanafunzi anafuata mstari aliofundishwa: jina, umri, kazi, unakaa wapi, nini kimekuleta, kilianza lini, kilianza ghafla au taratibu. Kisha anapita mwili mzima: kichwa, macho, kifua, choo, mkojo, usingizi, jasho la usiku, uzito umepungua? Halafu maradhi ya zamani, dawa, kitu kinachokudhuru, wazee walikufa na nini, sigara, tambuu, ugoro, maji ya kunywa mnateka wapi.

Mwenye uzoefu haendi hivyo. Anauliza maswali matatu, mkono uko tumboni, swali la nne linatokana na alichokigusa.

Ndiyo maana mama aliyevunjika kifundo cha mkono anaulizwa kama anakohoa usiku. Asikasirike. Mwanafunzi anapewa alama kwa kila sehemu aliyoiuliza, na akiruka moja mwalimu atamuuliza papo hapo mbele ya wenzake.

#3 Zamu_ya_Usiku
Mimi nasema mifuko. Tazama mifuko ya koti, achana na koti lenyewe. Ya mwanafunzi imelegea kwa uzito: nyundo ya magoti, tochi ndogo, futi ya kupimia, chuma cha mlio cha kupimia mtetemo, daftari dogo limekunjwa pembe, kalamu tatu za rangi tofauti. Na kile kitabu cha mafunzo ambacho kila alichofanya lazima msimamizi akitie saini. Bingwa mfukoni ana kalamu moja na simu.

#4 Mtoni_Kidatu
#3 hapo kuna mtu umemsahau, intani. Huyu keshamaliza miaka mitano ya chuo, yuko katika mwaka mmoja wa mazoezi chini ya uangalizi kabla ya usajili kamili. Mifuko yake nayo imejaa, ila tazama imejaa nini: kanula (sindano yenye mpira wa plastiki unaobakia mshipani), plasta, mpira wa kufungia mkono, chupa za damu za kifuniko cha zambarau na chekundu, fomu za maabara zilizokunjwa mara nne. Mwanafunzi anabeba vyombo vya kupimia. Intani anabeba vitu vya kutumika vikaisha, kwa sababu kazi ya wodi iko mikononi mwake. Ukiona mtu macho mekundu, anakwenda mbio, mfukoni kanula mbili, huyo ni daktari, na ndiye anayemjua mgonjwa wako kuliko wote.

#5 Shamba_la_Mihogo
Kwa hiyo asiye na koti kabisa ndiye mwanafunzi au muuguzi, sio?

#6 Mtoni_Kidatu
Hapana #5, na hapa watu wengi wanapotea. Asiye na koti anaweza kuwa daktari wa upasuaji aliyetoka tiata. Anaweza kuwa afisa tabibu, aliyesoma diploma ya miaka mitatu na anatibu kihalali. Vituo vingi vya shamba anayekuona ni yeye. Huyo si mwanafunzi. Na wapo wanafunzi wa uuguzi, wa maabara na wa famasia, kila chuo na sare yake. Rangi za sare hazifanani baina ya chuo na chuo, kwa hiyo usizitegemee kabla hujauliza.

#7 Mwembe_Kivulini
Ahsante, hilo la afisa tabibu linahitaji kusemwa mara nyingi. Watu wanawakata heshima bure.

#8 Bandari_Kuu
Tazama mwendo wa raundi. Bingwa anasimama upande wa kulia wa mgonjwa, karibu na kichwa. Anayeshika faili na kuandika ni intani au daktari wa wodi. Muuguzi wa zamu yuko na kigari cha dawa au daftari lake. Wanafunzi wako miguuni pa kitanda, nusu duara, safu mbili. Wa nyuma wanachungulia.

Kisha mmoja anaanza kusoma habari za mgonjwa kwa sauti, Kiingereza kitupu, "mgonjwa wa miaka hamsini na nne, mkulima, mkaazi wa..." bila ya kumtazama mgonjwa usoni. Huyo ni mwanafunzi. Akikatizwa kwa swali akatazama dari, umethibitisha.

#9 Dawa_Chungu
#8 upande wa kulia si wa bingwa. Kila aliyefundishwa kupima anasimama kulia, mwanafunzi kwanza kuliko wote, maana akisimama kushoto anakatwa alama. Ini liko kulia, na mkono wa kulia ndio unaopapasa. Wazee wa kazi ndio utawaona wanapima kutoka upande wowote uliokuwa na nafasi, khasa wodi ikiwa imebanana.

Mimi natazama mikono, na hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu muuguzaji, yaani jamaa anayekaa na mgonjwa, akilijua atamsaidia mgonjwa wake.

Presha. Mkanda unatakiwa ukae sentimita mbili hadi tatu juu ya kunjo la kiwiko, mkono ulale usawa wa moyo, mgonjwa awe ametulia dakika tano. Unajaza upepo huku umeshika mshipa wa kifundo cha mkono, mapigo yakipotea unaongeza milimita ishirini hadi thelathini, kisha unaachia polepole, milimita mbili au tatu kwa sekunde. Mwanafunzi mpya anaachia upepo haraka, sauti ya kwanza inampita, basi anajaza tena mkanda ukiwa nusu, tena na tena. Mkono unakuwa mwekundu na unauma, na namba inayotoka si ya kweli. Dawa yake ni kuachia upepo wote, kungoja dakika moja, kuanza upya. Mgonjwa ana haki ya kusema, "Mwanangu, fungua kwanza, nipumzike."

Kugonga kifua na tumbo. Kidole cha kati kinalazwa kwenye ngozi, kidole cha mkono mwengine kinakigonga, na nguvu inatoka kifundoni. Mwanafunzi anagonga kwa mkono mzima kutoka kiwikoni na kidole anakiacha pale pale, mlio unazimika. Ndiyo maana anagonga pahala pamoja mara sita, na sikio kalisogeza.

Nyundo ya goti inashikwa mwisho wa mpini na kuachiwa idondoke kwa uzito wake. Anayejifunza anaikamata karibu na kichwa na kudonoa. Goti haliruki, anamwambia mgonjwa "legeza mguu", mgonjwa ndo anazidi kukaza. Mwambie mgonjwa ashikanishe vidole vya mikono miwili na kuvivuta wakati anagongwa, goti litaruka.

Ini na bandama: vyote viwili vinaanza kupapaswa chini kulia, karibu na nyonga. Ini unapanda nalo moja kwa moja, bandama unaifuata kwa mshazari kwenda mbavu za kushoto, kila hatua na pumzi moja ya mgonjwa. Mwanafunzi anaanzia juu, anapita ukingo bila kuujua, na bandama kubwa inampotea. Msimamizi anamrudisha chini. Ukisikia "anza upya kutoka chini", umemjua nani ni nani.

#10 Kisiwa_Kijani
#9 Allah akulipe, hii nimeihifadhi. Ongeza na lile la kifua: "vuta pumzi ndefu... tena... tena." Wanafunzi watano wakisikiliza mmoja baada ya mwengine, mgonjwa anapumua kwa nguvu dakika kumi mfululizo. Kichwa kinazunguka, vidole na midomo inafanya ganzi. Si ugonjwa mpya huo. Kupumua kupita kiasi kunapunguza hewa ya kaboni katika damu. Mgonjwa apumue kawaida, baada ya muda mfupi linaondoka. Ni vyema wasikilize wawili wawili na kumpumzisha katikati.

#11 Shamba_la_Mihogo
Na yule anayetazama saa dakika nzima akihesabu pumzi za mtoto? Huyo lazima mwanafunzi, wenyewe wanahesabu sekunde kumi na tano wanazidisha kwa nne.

#12 Zamu_ya_Usiku
Hapana hapana. Pumzi za mtoto zinahesabiwa dakika nzima, mtoto ametulia, halii wala hanyonyi, kwa sababu watoto wanapumua kwa vipindi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi ni haraka, wa mwaka mmoja hadi kutimia mitano, 40 au zaidi. Ukihesabu robo dakika, kosa la pumzi mbili linakuwa kosa la nane, na mtoto anapewa dawa asiyoihitaji au ananyimwa anayoihitaji. Anayehesabu dakika nzima ndiye anayefanya sawa, awe nani awe nani. Mwacheni.

#13 Mpemba_wa_Jumbe
Nyinyi wa Unguja mnazunguka sana. Huku Pemba bibi kizee anauliza tu: "Mwanangu, wewe mtoto wa nani, kwenu wapi, na umefikia mwaka wa ngapi?" Kijana anajibu yote matatu na anaongeza shikamoo. Ishara ya nini tena?

#14 Bandari_Kuu
Mpemba akishamjua mtoto wa nani, atamuuliza na mahari 😄 Lakini njia yako ndiyo fupi kuliko zetu zote, nakubali.

#15 Tarumbeta
Naona hakuna aliyetaja urefu wa koti. Koti fupi la kiunoni ni mwanafunzi, refu la magotini ni daktari. Hii inajulikana dunia nzima.

#16 Mtoni_Kidatu
#15 hiyo ni desturi ya Marekani. Kule hospitali nyingi za kufundishia zinawapa wanafunzi koti fupi, na kuvishwa koti kuna sherehe yake, iliyoanza Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1993. Uingereza wao koti jeupe la mikono mirefu wameliacha takriban kote tangu mwaka 2007 hivi, mikono iwe wazi chini ya kiwiko, kwa sababu ya vijidudu vinavyobebwa na mikono ya koti. Hapa kwetu urefu wa koti anaujua fundi cherehani aliyelishona.

Na tukiwa hapo hapo: mzungu mwenye koti si lazima awe bingwa. Mnazi Mmoja inapokea wanafunzi wa Ulaya wanaokuja kwa wiki chache za mafunzo. Kijana wa miaka ishirini na mbili, kachomwa na jua, ana kibegi mgongoni, yuko chuoni bado. Wagonjwa wanamwacha daktari wetu wanamkimbilia yeye, na yeye hata lugha hana. Wachina ni habari nyengine. Timu zao kutoka jimbo la Jiangsu zinakuja Zanzibar tangu 1964, na wale ni madaktari kamili.

#17 Kisiwa_Kijani
Tena wengi wao mabingwa. Abdalla Mzee wanalijua hilo.

#18 Darajani_Mtaa
Zote hizi ni dalili, ushahidi ni saini. Mwanafunzi anaweza kuandika historia nzima kurasa tatu, mwandiko mzuri, lakini hawezi kuandika dawa ikatolewa, hawezi kuagiza damu, hawezi kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Lazima daktari aliyesajiliwa atie saini chini yake. Tazama faili: maandishi marefu yaliyofika mpaka "babu mzaa mama alikuwa na sukari" ni ya mwanafunzi. Mistari minne ya vifupisho na saini isiyosomeka, hayo ndiyo maagizo.

#19 Dawa_Chungu
Palipoingia kompyuta saini huioni. Hapo tazama nani anaingiza neno la siri lake. Mwanafunzi anasoma kwenye kioo cha mwenziwe. Na faili si la muuguzaji kulifungua mwenyewe, #18. Uliza muuguzi wa zamu, "Nani anayemhudumia mgonjwa wa kitanda nambari saba?" Atakutajia mtu mmoja kwa jina.

#20 Mama_wa_Wete
Naomba tusogee kidogo kwenye jambo linalowaumiza wanawake. Mtu kalazwa wodi ya wazazi, pazia halifungi vizuri, vijana sita wanaingia. Anafanyaje?

#21 Zamu_ya_Usiku
Ahsante kwa kuuliza, hili ndilo la maana kuliko mifuko na nyundo.

Kabla ya kuguswa, mwanafunzi anatakiwa aseme jina lake, aseme kuwa ni mwanafunzi, na aombe ruhusa. Asiposema, mgonjwa aulize: "Wewe ni daktari au mwanafunzi?" Jibu lazima liwe la kweli. Mgonjwa anaweza kukubali kuulizwa maswali akakataa kupimwa. Anaweza kukubali wawili akakataa sita. Anaweza kukubali wa kike tu. Anaweza kukubali kisha akabadili nia katikati. Matibabu yake hayapungui hata kidogo kwa kukataa kufundishiwa.

Kipimo cha ndani cha uzazi, cha matiti au cha njia ya haja kubwa ni lazima kiwe na mtu wa tatu wa kike chumbani, pazia limefungwa, na shuka imefunika kila kisichopimwa. Mwanafunzi peke yake hakifanyi bila msimamizi. Njia ya mama anayejifungua inapimwa kila baada ya muda wa saa nne uchungu ukienda kawaida, kwa sababu kila kipimo kinaongeza nafasi ya kuingiza vijidudu. Basi wanafunzi watatu hawawezi kupima mfululizo "kwa ajili ya kujifunza". Msimamizi anapima, mmoja anarudia kwa ruhusa ya mama, basi. Ukiona vyengine, mwite mkunga mkuu wa wodi, sauti ya kawaida, pale pale.

#22 Mama_wa_Wete
Nashukuru sana. Wengi wanadhani ukikataa faili linatupwa chini.

#23 Tarumbeta
Na sindano? Mwanafunzi anaruhusiwa kumtoboa mtu mara ngapi?

#24 Mtoni_Kidatu
Kawaida ya wodi nyingi ni mara mbili, ya tatu anaitwa mwengine mwenye uzoefu zaidi. Kinachomshinda anayejifunza mara nyingi si kuupata mshipa. Anaingia kwa mwinuko mdogo, damu inatokea kwenye kanula, anafurahi na kuvuta sindano hapo hapo. Kumbe ni ncha ya chuma tu iliyoingia, plastiki bado iko nje. Inabidi damu ikitokea ailaze kanula, asogeze milimita chache zaidi, ndipo aisukume plastiki na kuvuta chuma. Kosa la pili ni mpira wa mkono kukaa umefungwa zaidi ya dakika moja au mbili huku anatafuta plasta. Plasta ikatwe kabla.

Mgonjwa mwenye mishipa migumu aseme mapema, na aonyeshe ule mshipa uliopatikana mara ya mwisho.

#25 Kidongo_Mwerevu
Narudi kwa #1 kwa sababu dai la muda linapigwa na ukweli. Nenda hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu: mazungumzo ya mwanzo na mgonjwa wa akili yanaweza kuchukua saa nzima, na anayeyafanya ni daktari kamili, kwa sababu mazungumzo ndiyo kipimo. Nenda kwa wa mishipa ya fahamu, nguvu za kila kiungo, hisia, mwendo, macho, nusu saa imekwisha. Na mwanafunzi wa mwaka wa tano aliyekaribia mtihani anaweza kumaliza kwa dakika kumi na tano akakosea kidogo tu.

#26 Mwembe_Kivulini
Nilisema wodini, na nilikusudia wodi za kawaida, upasuaji na magonjwa ya ndani. Huko bado nasimama na muda. Ila nakubali mwaka wa tano anafanana na intani.

#27 Karafuu_Kavu
Mwaka wa tano hata mifuko yake imepungua.

#28 Bandari_Kuu
Kuna kundi hatujalitaja: wagonjwa wanaopendwa. Mwenye bandama kubwa, mwenye moyo wenye sauti ya ziada, mwenye maji tumboni. Habari zinasambaa bweni zima, na kitanda kile kitatembelewa mchana, alasiri na baada ya isha. Ikikaribia mitihani ndiyo zaidi. Njia inayofaa: muuguzaji azungumze na muuguzi mkuu wa wodi, wapange saa moja tu kwa siku, kwa mfano baada ya alasiri, watu wasiozidi watatu. Wakati wa chakula, wa sala na wa wageni hakuna. Mgonjwa aliyefunga Ramadhani asipimwepimwe saa za mwisho kabla ya futari, hana nguvu.

#29 Dawa_Chungu
Na faida isisahaulike, #28. Mwanafunzi aliyekaa saa nzima ndiye anayesikia kwamba mgonjwa anakunywa na dawa ya miti shamba juu ya dawa ya presha, au kwamba vidonge viliisha wiki mbili zilizopita. Mwenye dakika nne hafiki huko. Ukimjua kuwa ni mwanafunzi, usimfiche. Mwambie yote, kisha umuulize, "Hili utamwambia nani?" Akikutajia jina la daktari, umepata njia ya kumfikia.

#30 Kisiwa_Kijani
Uingereza kulikuwa na daktari akiitwa Kate Granger. Alipolazwa kwa saratani aliona wengi wanaomhudumia hawajitaji majina, mwaka 2013 akaanzisha kampeni ya kila mtumishi kujitaja jina kabla ya kumgusa mgonjwa. Ilienea nchi nzima. Mimi naona sisi tukidai jina na cheo kwa kila anayefika kitandani, ishara zote za uzi huu hazina kazi.

#31 Mpemba_wa_Jumbe
Ndilo nililosema #13. Ila usisahau mtoto wa nani.

#32 Darajani_Mtaa
#30 jina halitoshi. Atasema "mimi naitwa dokta fulani" akiwa mwaka wa nne, maana wenziwe wote wanamwita hivyo chuoni. Kitambulisho kisomwe. Kimevaliwa kimegeuka nyuma mbele, mwambie akigeuze. Neno "mwanafunzi" au jina la chuo likiwepo, basi.

#33 Shamba_la_Mihogo
Na mgonjwa asiyejua kusoma, au aliyesahau miwani nyumbani?

#34 Zamu_ya_Usiku
Amuulize neno moja: "Dawa zangu leo unaziandika wewe?" Mwanafunzi atasema, "Hapana, daktari anakuja." Intani atasema ndiyo.

#35 Karafuu_Kavu
Na bingwa atasema hapana vile vile, maana anayemwandikia ni intani 🙂 Hapo umekwama.

#36 Zamu_ya_Usiku
Basi aongeze la pili: "Na kutoka hospitali, nani anaamua?"